Makato ya Canton: tangu arzihali ya 1759 hadi mao tatu za ATM

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Eastleigh aliyewahi kuja Guangzhou kufunga mzigo wa nguo analijua soko la Shisanhang. Ni maduka ya jumla juu ya maduka ya jumla, wabebaji wanapishana na marobota, na ukisimama katikati ya njia utasukumwa. Wachache wetu ndio wanaojua kwamba jina hilo maana yake ni "nyumba kumi na tatu za biashara". Wachache zaidi wanajua kwamba zaidi ya miaka 250 iliyopita, maeneo hayohayo, kulikuwa na wageni waliokuwa wakiuliza swali lilelile tunaloliuliza sisi leo kwenye dirisha la benki: hela yangu imekatwa, imekatwa kwa bei iliyoandikwa wapi?

Leo nataka tuongee habari ya makato. Nimechagua kuanza mbali kidogo, kwa sababu huku watu wetu wengi wakiona yuan kadhaa zimepungua kwenye akaunti husema, "achana nayo bwana, ugenini huku". Jamani, historia ya mji huu inasema vingine.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliamuru kwamba meli za Ulaya zifanye biashara katika bandari moja tu ya China, yaani hapa, mji ambao Wazungu waliuita Canton. Mgeni hakuruhusiwa kuuza kwa amtakaye. Alipitia kwa wafanyabiashara wachache wa Kichina wenye kibali, na juu yao alikuwepo mkuu wa forodha aliyetumwa kutoka Beijing. Meli ikifika ilipimwa na kulipishwa ushuru kwa ukubwa wake. Hapo sawa. Lakini juu ya ushuru huo palikuwa na kitu kilichoitwa "zawadi", na zawadi hiyo ilikuwa taeli 1,950 kwa kila meli. Taeli moja ilikuwa na uzito wa kama gramu 37 za madini ya fedha, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya kilo 70 za fedha! Zawadi gani ambayo kiasi chake kimeshapangwa na huwezi kukataa kuitoa? Bado hujamlipa rubani, mkalimani, mtu wa kukununulia chakula, na wadogo wadogo wengine ambao kila mmoja alikuwa na chake.

Ukitaka kulalamika, mlango ulikuwa mmoja: upeleke maneno yako kwa wafanyabiashara walewale wenye kibali, nao wayafikishe kwa wakubwa. Yaani unamshitakia karani habari za karani.

Mwaka 1759 mtu mmoja wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, James Flint, aliamua kuuruka mlango huo. Alikuwa amejifunza Kichina tangu ujana wake, jambo ambalo Wazungu wachache sana wa wakati ule waliliweza. Alipanda meli ndogo kwenda Ningbo, akakataliwa. Akaendelea kaskazini mpaka Tianjin, karibu kabisa na Beijing, akiwa na arzihali iliyoandikwa kwa Kichina. Ndani yake aliorodhesha makato ya Canton pamoja na deni ambalo mfanyabiashara mmoja wa Kichina hakuwa amelilipa. Na kweli arzihali ikamfikia mfalme.

Mfalme aliagiza uchunguzi. Mkuu wa forodha, Li Yongbiao, alikutwa na makosa, akaondolewa kazini na kuadhibiwa. Hapo utasema Flint ameshinda. Subiri kwanza. Flint mwenyewe alikamatwa kwa kosa la kwenda bandari asizoruhusiwa, akafungwa kule Macau miaka 3, kisha akafukuzwa nchini. Ile ada ya taeli 1,950 ikabaki palepale, na ilikuwa bado inatozwa karne ya 19 ilipoingia. Na yuko mtu wa tatu ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu. Anaitwa Liu Yabian, Mchina aliyeshitakiwa kwa kumsaidia mgeni kuandaa arzihali ile. Huyo alikatwa kichwa.

Baada ya hapo zikatoka kanuni mpya mwaka huohuo wa 1759. Wageni wasikae Canton msimu wa baridi, wakae katika nyumba za wafanyabiashara wenye kibali chini ya uangalizi wao, Wachina wasikope kwao wala kuajiriwa nao. Kwa hiyo aliyedai haki aliongezewa kufuli.

Mfumo huo uliendelea zaidi ya miaka 80 mpaka ukavunjwa na mizinga. Baada ya Vita vya Kasumba, Mkataba wa Nanjing wa Agosti 1842 ulifuta ukiritimba wa wafanyabiashara wale, ukailazimisha China kulipa dola milioni 21. Humo ndani milioni 3 zilikuwa za madeni ya wafanyabiashara wa Canton. Ukataka pia ushuru uwe wa haki, wa kudumu, na utangazwe hadharani. Angalieni hapo: hata walioshinda kwa mizinga waliomba orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Lakini sehemu kubwa zaidi baada ya gharama za vita, dola milioni 6, ilikuwa fidia ya kasumba iliyoharibiwa. Kwa hiyo tusiwafanye Waingereza kuwa malaika wa haki. Waliochukua fidia ndio waliokuwa wanaingiza sumu.

Sasa turuke hadi zama zetu, na tuingie benki zenyewe.

Kwa miaka mingi mteja wa kawaida wa China hakujua habari ya ada za benki. Ulipeleka akiba yako, ukapewa kitabu, basi. Oktoba 1, 2003 ikaanza kutumika kanuni ya muda ya bei za huduma za benki, iliyogawa huduma katika makundi mawili: zile ambazo serikali huelekeza bei, na zile ambazo benki hupanga yenyewe. Mlango ukafunguka. Ikaja ada ya mwaka ya kadi, ikaja ada ya akaunti yenye salio dogo. Hii ya mwisho iliwauma zaidi maskini, maana mwenye nyingi hakatwi, mwenye chache ndiye anakatwa kwa kuwa anazo chache!

Kilichowasha moto kilikuwa kidogo kuliko vyote. Juni 1, 2006 benki kadhaa zilianza kukata yuan 0.3, yaani mao tatu, kila mtu alipoangalia salio kwenye ATM ya benki nyingine. Mao tatu! Hazinunui hata andazi. Ndiyo maana nasema lilikuwa pigo la akili, kwa sababu nani atapoteza siku nzima kudai mao tatu? Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa cha benki. Wachina hawakukaa kimya. Waliandika magazetini, wakabishana kwenye mitandao, na swali lilikuwa moja: mmeongeza huduma gani hata mkaongeza bei?

Machi 2007, Bunge la Umma la China lilipokutana Beijing, mjumbe mmoja kutoka mkoa wetu huu wa Guangdong, mama Huang Xihua, alipeleka pendekezo rasmi la kutaka ada hiyo ifutwe. Mwezi uliofuata Chama cha Mabenki cha China kikatangaza kwamba kuanzia Aprili 20, 2007 ada hiyo imekoma. Ilidumu chini ya mwaka mmoja. Mtu wa Guangdong alipeleka malalamiko ya makato Beijing, na safari hii hakuna aliyefungwa. Lakini tazameni tangazo lenyewe: lilihusu siku hiyo na kwenda mbele. Zile mao tatu za miezi kumi na kitu iliyotangulia ni habari nyingine.

Kwa kulinganisha, Uingereza miaka hiyohiyo watu waliandikia benki barua kudai warudishiwe ada walizokatwa walipozidisha matumizi ya akaunti. Wengi walilipwa, kwa sababu benki hazikutaka kwenda mahakamani na kila mtu. Mwaka 2007 ikafunguliwa kesi moja ya mfano, madai mengine yakasimamishwa kuisubiri, na Novemba 25, 2009 Mahakama ya Juu ya kule ikaamua upande wa benki. Aliyedai mapema alipata chake, aliyengoja wenzake watangulie alikuta mlango umefungwa.

Turudi Guangzhou, maana mji huu ulitoa kesi nyingine iliyofanya watu walitazame jambo hili kwa jicho la upande wa pili. Aprili 2006 kijana anayeitwa Xu Ting alikwenda kwenye ATM iliyoharibika ya Benki ya Biashara ya Guangzhou. Kila alipotoa yuan 1,000 akaunti yake ilipungua yuan 1 tu. Akatoa mara 171, jumla kama yuan 175,000, akatoroka. Novemba 2007 mahakama ya Guangzhou ikamhukumu kifungo cha maisha. Nchi nzima ikalipuka. Hakuna aliyesema kijana hakukosea. Watu walichouliza ni hiki: mashine ya benki ikikosea kwa hasara yangu naambiwa "ukishaondoka kaunta hatuwajibiki", ikikosea kwa hasara yao ni kifungo cha maisha? Kesi ikasikilizwa upya, na Machi 31, 2008 adhabu ikashuka hadi miaka 5. Aliachiwa mwaka 2010.

Kelele hizo hazikupotea bure. Kuanzia Julai 1, 2011 mamlaka tatu za serikali ziliamuru benki zifute aina 34 za ada kwa wateja binafsi, zikiwemo za kufungua na kufunga akaunti na ya kubadilisha namba ya siri. Agosti 1, 2014 ikaanza kanuni kamili ya bei: benki ibandike bei zake tawini na kwenye tovuti yake, na ikitaka kupandisha bei inayojipangia au kuanzisha mpya itangaze miezi 3 kabla. Ikawekwa pia haki ambayo wengi wetu hatuitumii, kwamba mteja akiomba apewe akaunti moja isiyokatwa ada ya mwaka wala ya usimamizi. Agosti 2017 benki zikaagizwa ziwakumbushe wateja wenyewe kuhusu haki hiyo.

Na nyumbani je? Tanzania tuliiona tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 15, 2021. Ile ilikuwa ya serikali, si ya benki, lakini mwendo wake ulifanana: wananchi wakalia, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na 2023 ikafutwa. Kenya wana kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachosema benki isipandishe ada bila idhini ya waziri. Mwaka 2024 Mahakama ya Upeo, katika shauri la Stanbic na kampuni ya Santowels, ilishikilia kwamba riba nayo imo ndani ya kifungu hicho. Yaani karatasi ilikuwepo miaka yote, ikasubiri mtu wa kuishika.

Basi ndugu zangu, mimi nasoma jambo moja katika yote haya. Kusimamisha kato la kesho kumewezekana mara nyingi, kwa sauti ya wengi. Kurudishiwa la jana ni kazi ya mtu mmoja mmoja, mwenye karatasi, anayewahi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walishasema.

Kwa hiyo ukiona kato usilolielewa huku, chapisha taarifa ya akaunti na ulizungushie duara. Muulize karani liko mstari gani kwenye orodha ya bei iliyobandikwa. Kama halipo, dai lirudishwe na uandikishe malalamiko kwa benki yenyewe kwanza. Wakikuzungusha, ipo namba ya msimamizi wa mabenki, 12378. Na kabla ya yote, omba ile akaunti yako moja isiyo na ada.

La mwisho. Wengi wetu Kichina chetu ni cha sokoni, kwa hiyo kwenye dirisha la benki tunakwenda na mwanafunzi wa Kichina au jirani wa kututafsiria. Zamani mtu wa namna hiyo aliitwa Liu Yabian, na alilipa kwa kichwa chake. Wa leo anapoteza saa mbili za foleni tu. Hata hivyo mnunulieni chakula cha mchana, anastahili.

Nawatakia biashara njema, na risiti msitupe.