Jiwe Laini, Chuma na Macho ya Fundi

Fundi wa Tabaka, katika vilima vya Mugirango Kusini huko Kisii, amezoea jiwe la upole. Jiwe la sabuni hukatwa kwa panga, huchongwa kwa kisu na tupa, kisha wanawake hulisugua kwa msasa na maji, na hapo vumbi jingi hubaki kwenye karai. Ufundi huo ulimfikisha Elkana Ong'esa hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris, kunakosimama sanamu yake ya ndege wa amani.

Chuma hakina upole huo. Anayechomelea milango na madirisha huumia kazini bila kujua. Miale ya urujuanimno itokayo kwenye mwanga wa kuchomelea huunguza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, lakini maumivu huchelewa saa kadhaa. Usiku ndipo macho huwasha, yakatoa machozi, yakawa kama yametiwa mchanga. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Na huko kupona, nadhani, ndiko kulikofanya madhara haya yazoeleke.

Wataalamu waliijua hatari hii mapema. Mnamo 1843, Léon Foucault wa Ufaransa aliumwa macho alipokuwa akifanya majaribio ya mwanga wa umeme. Miaka ya 1880 Nikolai Benardos wa Urusi akautumia umeme huo kuunganisha vyuma, na 1889 Johan Widmark wa Sweden akaonyesha kwamba chanzo cha maumivu ni urujuanimno, wala si joto.

Lakini sheria ilichelewa kumfikia fundi. Sheria ya Viwanda ya Kenya, iliyoanza kutumika 1951, ilifuata mtindo wa Uingereza: kiwanda chenye kuta, mashine na meneja. Banda la mabati la fundi halikumo. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ndiyo iliyowafanya wakubwa wawatazame mafundi hawa wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi. Mwaka 1990 sheria ilipanuliwa ikataja na mahali pengine pa kazi. Sheria mpya ya 2007 ikamgusa hata aliyejiajiri.

Hapo ndipo ugumu ulipo, maana aliyejiajiri hujinunulia kinga mwenyewe, na miwani ya jua ni rahisi kuliko kofia yenye kioo cheusi. Na hata fundi akiwa na kofia hiyo, kijana anayemshikilia chuma hugeuza tu uso pembeni.