Wakfu wa Familia, Sadaka na Kodi: Karatasi Iko Wapi?



Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu na wanafunzi wa Nakivale na Mbarara. Makala haya yameanzia kwenye kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nalisema kwanza kabla hamjalisikia kwa wengine.

Siku moja baada ya swalah ya Ijumaa nilisimama nikawaomba watu waichangie jumuiya ndogo ya kulea mayatima iliyoanzishwa na shemeji yangu pamoja na watoto wake hapa kambini, kwa ajili ya thawabu za marehemu baba yao. Nikasema kwa kinywa kipana kwamba jumuiya hiyo "imesajiliwa na serikali na haitozwi kodi". Hakuna aliyenituma kusema hilo la pili. Baadaye mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, mtu wa kheri anayetuletea unga kila Ramadhaan, akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole: "Ustadhi, karatasi ya msamaha iko wapi? Nataka mhasibu wangu aione." Nikamwambia nitaileta.

Nilipofika kwa shemeji alinitolea faili lake la plastiki. Mlikuwa na cheti cha usajili wa wilaya, namba ya mlipakodi yaani TIN, katiba ya jumuiya yenye mihuri, na barua ya mwenyekiti wa LC. Vyote safi. Lakini barua ya Kamishna wa kodi haikuwemo. Nilipomuuliza alishangaa kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, sisi tunalisha mayatima. Kodi ya nini?"

Swali lake ni zuri, nalo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na Khaybar, mwaka wa 7 Hijriyyah. 'Umar bin al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) alipata ardhi huko, akamwendea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kutaka shauri. Akaelekezwa azuie asili ya mali na atoe matunda yake sadaka. 'Umar akafanya hivyo: ardhi haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mapato yake ni ya mafakiri, jamaa wa karibu, kukomboa watumwa, njia ya Allaah, msafiri na mgeni. Wanafunzi wangu hulihifadhi hilo mapema. Wanachokisahau ni mambo mawili yaliyo ndani ya habari hiyohiyo. La kwanza, msimamizi aliruhusiwa kula humo kwa wema bila kujilimbikizia mali. La pili, katika Sunan Abi Daawud imepokewa kwamba usimamizi ulikabidhiwa kwa binti yake Hafswah (Radhiya Allaahu 'anha), na baada yake kwa wenye busara katika jamaa zake. Basi sadaka inayoendeshwa na familia si uzushi wa leo, na mpaka wa kile ambacho familia inaweza kuchukua uliwekwa tangu siku ya kwanza.

Sasa mje huku kwetu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulipogawa ardhi, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu, alipewa maili 24 za mraba kwa ajili yake mwenyewe na wafuasi wake. Hebu yasomeni tena maneno hayo: yeye mwenyewe na wafuasi wake. Ni mali ya mtu au ni mali ya umma? Maandishi hayakutenganisha. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na leo kuna msikiti, shule na hospitali. Hapo wema wa mwenye mali ndio uliolikata shauri. Lakini si kila mrithi ni Badru Kakungulu, na sheria haiwezi kungoja wema wa mtu.

Pwani walianza kuliandika jambo hili mapema. Zanzibar waliunda Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905, ili mali zilizowekwa wakfu ziwe na daftari na msimamizi anayeulizwa. Kamisheni hiyo iliundwa chini ya serikali ya Waingereza, na Waingereza walikuja na kipimo chao cha sadaka. Kipimo hicho kilitokana na sheria ya Malkia Elizabeth ya mwaka 1601, kisha kikapangwa upya na mahakama yao kuu katika kesi ya Pemsel mwaka 1891, ambayo ilikuwa kesi ya kodi ya mapato. Wakasema sadaka ni ya aina nne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mengine yenye manufaa kwa jamii. Neno lililobeba uzito kwao ni manufaa kwa umma. Kumpa mwanao ni upendo, wala si sadaka kwa hesabu zao.

Hapo ndipo wakfu wa familia ulipogongana nao. Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London, Privy Council, katika kesi ya Abul Fata kutoka India, liliamua kwamba wakfu wa kuwanufaisha watoto na vizazi vyao, huku mafakiri wakitajwa mwisho kabisa baada ya ukoo kwisha, ni wakfu wa jina tu na haushiki. Wanavyuoni na wanasheria wa Kiislamu wa India walipinga kwa nguvu, akiwemo jaji Ameer Ali. Mwaka 1913 ikapitishwa sheria ya kuuhalalisha wakfu wa namna hiyo, na aliyeisimamia barazani alikuwa Muhammad Ali Jinnah, yule aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan.

Lakini sheria ya India haikuvuka bahari. Mwaka 1951 kesi ya Fatuma binti Mohamed bin Salim Bakhshuwen dhidi ya Mohamed bin Salim Bakhshuwen ilitoka Kenya ikafika mbele ya Privy Council ileile. Hoja ilikuwa kwamba kwa sheria ya Kiislamu wakfu wa familia ni sahihi. Majaji wakajibu kwamba walikwisha kuamua tangu 1894, na uamuzi ule unaifunga Afrika Mashariki pia. Fikirini: watu wa London ambao hawajawahi kufungua kitabu cha fiqhi ya Kishafi'i wanawaambia watu wa hapa sheria yao inasemaje! Mimi nalitaja hilo darasani kila mwaka na bado linanikera. Kenya ilijibu kwa Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka huohuo 1951, ikaukubali wakfu wa familia kwa sharti kwamba mwisho wa manufaa uwekwe kwa mafakiri au jambo jingine la kheri la kudumu.

Ndugu wasomaji, wengi huishia hapo wakidhani tumeshinda. Tulishinda swali moja tu, yaani je, wakfu wa familia ni sahihi? Swali la pili ni je, umesamehewa kodi? Haya ni maswali mawili mbalimbali. Kitu kinaweza kuwa halali mbele ya Allaah, kikawa sahihi mbele ya mahakama, na bado kikadaiwa kodi. Shemeji alikuwa ameyachanganya, nami nikayachanganya pamoja naye hadharani.

Kodi ya mapato iliingia Kenya mwaka 1937, na Uganda mwaka 1940. Baadaye ikasimamiwa kwa pamoja kwa nchi za Afrika Mashariki, na sheria kubwa ya usimamizi wake ikatungwa mwaka 1958, mwaka uleule unaotajwa kuwa mwanzo wa Nakivale yetu. Uganda ikapata amri yake ya kodi mwaka 1974, na Mamlaka ya Mapato, URA, mwaka 1991. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997 ndiyo inayotuhusu.

Sheria hiyo inaitambua taasisi ya dini, ya sadaka au ya elimu yenye sura ya umma kuwa inaweza kusamehewa. Tazameni neno "inaweza". Kwanza lazima Kamishna awe ametoa uamuzi wa maandishi kwamba taasisi hiyo imesamehewa, na uamuzi huo uwe bado unafanya kazi. Pili, mapato yake na mali zake zisimpe mtu yeyote manufaa binafsi, wala zisiweze kumpa. Maneno haya "wala zisiweze" ndiyo makali zaidi. Haitoshi kwamba leo hakuna aliyekula. Katiba ya jumuiya ikiacha mlango wa watoto wa mwanzilishi kugawana mali siku ikifungwa, mlango huo peke yake ni tatizo. Wamarekani nao waliandika sharti la namna hii tangu sheria yao ya 1909, kwamba faida ya taasisi ya kheri isimwendee mtu binafsi. Nikilitazama, naona halikwenda mbali na lile la Khaybar la kula kwa wema bila kujilimbikizia.

Hata aliyesamehewa hasamehewi kila kitu. Mapato ya biashara isiyohusiana na kazi ya taasisi yanatozwa. Kodi ya mshahara ya wafanyakazi inakatwa kama kawaida. Na huyu mfanyabiashara wetu wa Mbarara hakuwa akinitega. Sheria inamruhusu kupunguza sadaka yake kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, isizidi asilimia 5, lakini iwapo tu amempa aliyesamehewa. Angeandika sadaka ile kwa kuutegemea ulimi wangu, ukaguzi ungemkuta yeye.

Basi wazazi wanaponiuliza wakague nini kabla ya kutoa, nawaambia kila karatasi ina kazi yake. Cheti cha wilaya kinasema jumuiya inajulikana. Kibali cha asasi isiyo ya kiserikali chini ya sheria ya 2016 kinasema inaruhusiwa kufanya kazi, nacho kina mwisho wake, kwa hiyo someni tarehe. Mwaka 2019 serikali ilifanya uhakiki na maelfu ya asasi zikaondolewa kwenye daftari, nyingine zikiwa na vyeti vizuri vilivyotundikwa ukutani. TIN inasema tu kwamba URA inakujua. Hata muuza duka anayo. Msamaha ni barua ya Kamishna peke yake. Iombeni muione, yenye jina lilelile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi, na ukiwa na shaka ofisi ya URA ipo Mbarara mjini. Kwa nauli ya kutoka Bezi Kampi mtu anarudi siku hiyohiyo.

Walio na jamaa Marekani wana njia nyepesi zaidi. Kule mamlaka ya kodi, IRS, ina daftari la wazi kwenye mtandao wake ambalo yeyote anaweza kutafuta jina la taasisi. Taasisi isiyopeleka taarifa miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wenyewe kwa wenyewe. Orodha ya kwanza ya waliopoteza ilitoka mwaka 2011, nayo ilikuwa na majina kama 275,000. Wengi wao hawakuwa wezi. Walikuwa vikundi vidogo vilivyosahau, au vilivyokufa zamani.

Narudi kwa shemeji. Tuliketi siku tatu, jioni baada ya 'Ishaa, na daftari zake. Sikuona wizi. Niliona mashine ya kusaga mahindi iliyonunuliwa kwa fedha za wafadhili, na mapato yake yakiingia mfuko mmoja na matumizi ya nyumbani. Karo ya mayatima na karo ya wajukuu wa marehemu zilikuwa ukurasa mmoja, wakati mwingine mstari mmoja. Nilimwambia hapo ndipo Kamishna atakaposimama, na hapo ndipo 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) angesimama. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: wajukuu wale nao ni mayatima, baba yao alifia njiani wakati wa kukimbia kutoka Kongo. Je, wao wasisomeshwe kwa kuwa jina lao ni jina la mwanzilishi?

Tulilipeleka swali hilo kwa mwanasheria wa Mbarara. Ushauri wake ulikuwa kwamba wasichaguliwe na babu yao. Kamati yenye watu wa nje ya ukoo ipokee maombi ya watoto wote kwa kipimo kimoja, na aliye na ujamaa atoke chumbani wakati wa kuamua. Mashine ikatengwa na daftari lake, ikabaki biashara ya familia inayolipa kodi yake, na fedha zilizoinunua zikaandikwa kuwa deni la familia kwa jumuiya. Shemeji hakulipenda hilo la deni. Mke wangu, ambaye ni dada yake, hakunisemesha vizuri karibu wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata nilisimama palepale nikasema: niliwaambia jumuiya ile haitozwi kodi, nami sikuwa na ushahidi, hadi leo haina barua ya msamaha, na aliyetoa kwa ajili ya neno langu hilo ana haki ya kurudishiwa. Wawili walikuja kuuliza. Mmoja alichukua chake, na shemeji alimhesabia mbele yangu. Mfanyabiashara wa Mbarara alileta magunia ya unga kama kawaida yake, akasema mwaka huu hatayaandika popote.

Maombi ya barua yamekwishapelekwa. Katika kamati mpya ya watu saba wa ukoo ni wawili tu, na mwenye kushika daftari ni mama mmoja Msomali, jirani yetu, ambaye alimrudisha shemeji nyumbani siku ya kwanza kwa sababu risiti ya mafuta ya mashine ilikuwa katikati ya risiti za madaftari ya shule.