Uzi Uliopita Katika Mikono Mingi: Uhamaji wa Wafumaji wa Gujarat na Msambao wa Utamaduni Kusini mwa India

Utangulizi

Katika jiji la Madurai, jimbo la Tamil Nadu nchini India, ipo jamii ya wafumaji ambayo nyumbani huzungumza Kisaurashtra. Lugha hiyo ni ya tawi la Kihindi-Kiarya, lenye asili ya kaskazini, ilhali majirani wa jamii hiyo huzungumza Kitamil, lugha ya familia ya Kidravidi. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliorodhesha wazungumzaji takribani 247,000 wa Kisaurashtra, wengi wao wakiwa Tamil Nadu. Jina la lugha lenyewe linaelekeza kwenye rasi ya Saurashtra katika Gujarat, umbali wa kiasi cha kilomita 1,500 kutoka Madurai.

Simulizi inayojulikana zaidi hueleza kuwa mababu wa jamii hii walikimbia baada ya Mahmud wa Ghazni kulivamia hekalu la Somnath mnamo 1025 na 1026. Simulizi hiyo ina uzito mkubwa katika siasa za India ya leo, kwa kuwa huufanya uhamaji wote uwe tunda la uadui wa kidini. Makala hii inatoa hoja tofauti: kwamba wafumaji walihama hatua kwa hatua wakifuata soko na ulinzi wa watawala, na kwamba utamaduni waliokwenda nao uliundwa upya katika kila kituo walichotua.

Ushahidi wa Dashapura

Ushahidi wa mapema zaidi kuhusu wafumaji wa Gujarat kuhama kama kundi hautoki kusini, wala hautokani na vita. Umo katika maandishi ya Kisanskriti yaliyochongwa jiweni katika mji wa Dashapura, ambao leo huitwa Mandsaur, magharibi mwa jimbo la Madhya Pradesh. Maandishi hayo, yaliyotungwa kwa beti na mshairi Vatsabhatti, yalichapishwa na mtaalamu Mwingereza John Faithfull Fleet mwaka 1888. Yanaeleza kuwa chama cha wafumaji wa hariri kilitoka nchi ya Lata, sehemu ya kusini ya Gujarat, kikahamia Dashapura pamoja na watoto na jamaa zao. Kilichowavuta ni sifa njema za watawala wa huko. Chama hicho kilijenga hekalu la mungu Jua mnamo 436 au 437, zama za mfalme Kumaragupta, kisha kikalikarabati mnamo 473.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, maandishi hayo yanakiri waziwazi kuwa si wote walioendelea kufuma. Baadhi yao walijifunza upigaji mishale, wengine usimulizi wa hadithi, unajimu, mambo ya dini au vita. Pili, pamoja na mtawanyiko huo wa kazi, chama kiliendelea kujitambua kama chama cha wafumaji kwa muda wa kizazi kizima na zaidi, na mshairi akaisifu hariri yao kuwa pambo ambalo mwanamke hajakamilika bila kulivaa. Hivyo basi, ufundi ulikuwa jina la pamoja hata kwa wale ambao mikono yao haikugusa tena kitanda cha mfumi.

Ni kishawishi kikubwa kuunganisha Dashapura na Madurai kwa mstari mmoja ulionyooka, na wapo waliofanya hivyo. Lakini kati ya maandishi ya karne ya 5 na jamii ya Madurai pana pengo la zaidi ya miaka elfu moja. Thamani ya Dashapura kwa mjadala huu ni nyingine: inathibitisha kuwa mafundi wa Gujarat walikuwa na desturi ya kuhama kwa hiari, kwa makundi, karne nyingi kabla ya Mahmud kuzaliwa.

Somnath na kumbukumbu yake

Uvamizi wa Somnath ulitokea. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni athari zake. Mwanahistoria Romila Thapar, katika kitabu chake kuhusu Somanatha kilichotoka mwaka 2004, alilinganisha vyanzo vya Kiajemi, vya Kisanskriti, vya Wajaini na vya kikoloni. Alionyesha kuwa picha ya tukio hilo kama jeraha la pamoja la Wahindu wote ilipata nguvu katika karne ya 19, hasa baada ya mjadala wa Bunge la Uingereza mwaka 1843.

Aidha, yapo maandishi ya mwaka 1264 kutoka Veraval, bandari ya Somnath yenyewe, yaliyoandikwa kwa Kisanskriti na Kiarabu. Yanaeleza jinsi mwenye vyombo vya baharini kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, alivyopata ardhi ya kujengea msikiti kwa ridhaa ya wakuu wa mji. Pwani iliyokuwa ikifanya biashara namna hiyo si pwani iliyokimbiwa na mafundi wake wote.

Vituo vya njiani

Kumbukumbu ya jamii yenyewe ni pana kuliko simulizi ya Somnath. Katika arusi za kijadi yalikuwapo majibizano kati ya upande wa bwana arusi na upande wa bibi arusi, yakitaja safari ya mababu: kutoka Saurashtra hadi Devagiri, kutoka huko hadi Vijayanagara, hatimaye Madurai. Devagiri ilivamiwa na Alauddin Khalji mwaka 1296, na Vijayanagara ilianguka baada ya vita vya Talikota mwaka 1565. Vita vimo katika safari hii, lakini kila mara wafumaji walielekea kwenye mji wenye mahakama ya kifalme, yaani penye wanunuzi wa hariri.

Lugha inaunga mkono mpangilio huo. Kisaurashtra kina msingi wa Kigujarati cha kale, juu yake pana tabaka la Kimarathi, kisha la Kitelugu, na mwisho la Kitamil. Watu waliokimbia moja kwa moja hadi kusini wasingepata muda wa kuokota maneno yote hayo njiani.

Kupokelewa Madurai

Watamil waliwaita Patnulkarar, watu wa uzi wa hariri. Makazi yao yalikua karibu na kasri la Tirumalai Nayak, aliyetawala kuanzia 1623 hadi 1659. Hata hivyo, kukaribishwa kwa ajili ya ufundi hakukumaanisha kukubaliwa katika daraja za jamii. Wakati wa utawala wa malkia Mangammal, mwishoni mwa karne ya 17, watu 18 wa jamii hiyo walikamatwa kwa kutekeleza ibada ya upakarma, iliyohesabiwa kuwa haki ya Wabrahmini. Malkia aliita wataalamu wa sheria za dini, nao wakaamua kuwa wafumaji walikuwa na haki hiyo. Uamuzi uliandikwa katika jani la mtende.

Kwa upande wa muziki, mchango wao ulivuka mipaka ya jamii. Venkataramana Bhagavatar wa Walajapet (1781–1874), aliyezaliwa katika jamii hiyo, alikuwa mwanafunzi wa Tyagaraja, na hati zake ni miongoni mwa hazina kuu za tungo za mwalimu huyo. Tungo zenyewe ni za Kitelugu, zilitungwa katika nchi ya Watamil, na zikahifadhiwa na mtu ambaye lugha ya kwao ilitoka Gujarat. Katika karne ya 20, T. M. Soundararajan, mwana wa jamii hiyohiyo, akawa mmoja wa waimbaji wakuu wa filamu za Kitamil.

Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kuwa msambao wa utamaduni hauendi kama maji yatiririkayo kutoka chanzo kimoja. Wafumaji walipokea Kimarathi, Kitelugu na Kitamil, nao wakatoa vitambaa, sauti na hati. Leo Kisaurashtra chenye hati zake chenyewe huandikwa zaidi kwa hati za Kitamil. Anayepima uhamaji kwa kipimo cha usafi wa asili ataona hasara hapo. Anayeufuata kituo kwa kituo atatambua kuwa kuazima ndiko kulikoiwezesha jamii hii kubaki na lugha yake, mbali na rasi iliyoipa jina.