Kalamu za Waungwana wa Kasongo na Kabambare

Jamii iliyozaliwa pale wafanyabiashara na watawala wa kigeni walipokutana na wenyeji hupata taabu ya namna yake inapotaka kuandika habari zake, kwa sababu lugha inayoitumia huhesabiwa kuwa mali ya wengine, na karatasi zake aghalabu huishia katika maktaba za wengine. Waanglo-Indi, yaani watu wa India wenye asili ya Ulaya kwa ukoo wa upande wa baba, ambao Katiba ya India ya 1950 iliwataja kwa jina katika kifungu cha 366, wameijibu taabu hiyo kwa mashindano ya uandishi bunifu yaliyowaalika wanajamii waliotawanyika duniani, na kazi zilizoteuliwa zimekusanywa na kuchapishwa vitabu. Kusini mwa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Waungwana wa Kasongo na Kabambare wana asili inayokaribiana na hiyo, lakini mambo yao yalikwenda kinyume: kalamu ilitangulia, mashindano yakafuata baada ya miongo mingi, na yalipofika yaliwapita kando.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana na adabu inayoonekana, kinyume cha mtumwa; lakini katika misafara ya karne ya 19 wapagazi na walinzi waliobeba bunduki, ambao wengi wao walizaliwa utumwani au walikuwa bado watumwa, walijipa jina hilo mara tu walipoiacha pwani nyuma yao, ili wajitenge na watu wa bara. Maniema ililipanua zaidi. Vijana wa makabila ya huko, wengine wakiwa wametekwa vitani na wengine wakiwa wamejiunga kwa hiari yao, walilelewa katika nyumba za wafanyabiashara, wakajifunza Kiswahili, wakavaa kanzu na kusilimu, nao wakaitwa Waungwana, hata ikawa kwamba kabla ya karne kwisha wengi wa waliobeba jina hilo walikuwa wana wa nchi ileile. Wabelgiji waliwaita kwa Kifaransa arabisés, maana yake watu waliofanywa Waarabu, na jina hilo liliwadhulumu, kwa kuwa liliwafanya kuwa nakala ya watu wengine. Kiswahili chao kikajulikana kwa jina la Kingwana.

Kabambare ilikuwa kituo katika njia iliyotoka Ziwa Tanganyika kuelekea mto Lualaba, na Kasongo, karibu na mto huo, ilikuwa tangu miaka ya 1870 makao makuu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Mji wa namna hiyo usingeweza kwenda bila maandishi, kwa sababu mali ilichukuliwa kwa mkopo Unguja, ikapelekwa mwendo wa miezi mingi, na kila furushi la kitambaa na kila pembe ya ndovu ilibidi ihesabiwe na ijulikane ni ya nani. Karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Msafiri Mskoti David Livingstone, aliyekwama Bambarre, mahali panapohesabiwa kuwa ndipo Kabambare, mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa 1871 kwa sababu ya vidonda vya miguu, aliandika shajara yake juu ya vipande vya karatasi alivyovipata, na baadaye huko Nyangwe, kando ya Lualaba, akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, kwa wino uliotengenezwa kwa rangi ya mimea. Ni katika gazeti hilo alimoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, na haifai kuwaza kalamu za Maniema bila kukumbuka kwamba biashara iliyozilisha ilikuwa ileile iliyomwaga damu ile.

Waungwana waliojua kuandika walitumia hati za Kiarabu, na lugha yenyewe mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Hati hizo hazina alama za asili za sauti p, v, ch na g, na irabu zake tatu zinabidi kubeba kazi ya irabu tano. Kwa hiyo mwandishi aliweza kuandika b palipo na p, au f palipo na v, na kuiacha n au m iliyotangulia konsonanti nyingine. Neno pembe, ambalo ndilo lililoendesha biashara yote, liliweza kuonekana karatasini kama bibi, na msomaji akalitambua kwa kuwa aliijua habari kabla ya kuifungua barua. Baadhi ya barua na mikataba ya Kiswahili kutoka Kongo ya zama hizo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na tofauti za tahajia zilizomo zinaonyesha watu walioandika kwa sikio lao, kila mmoja akitafuta njia yake. Huo si ujinga wa maandishi, bali ni ubunifu wa watu ambao hawakuwa na shule ya serikali wala kamusi.

Kazi kubwa kuliko zote iliyozaliwa na ulimwengu huo ni maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika Unguja kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Thamani yake katika fasihi iko katika namna mwandishi anavyosimulia bila kujitetea. Anaeleza jinsi alivyodai udugu na mtemi Kasongo Rushie kupitia bibi aliyetekwa zamani, hata mzee yule akampa utawala. Na msomaji makini anaona hapo hadithi iliyotungwa ikigeuka mamlaka juu ya nchi. Lakini kitabu hicho ni sauti ya bwana. Wapagazi, masuria na vijana wa Kasongo wamo ndani yake kama idadi, na sauti zao ndizo ambazo shindano la uandishi, lingekuwapo, lingeweza kuzitafuta.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme wa Ubelgiji, yaliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, na Kabambare Januari 1894. Kasongo ya zamani hujulikana kwa jina la Tongoni, neno linalotokana na matongo, yaani mahali palipohamwa. Kilichohamwa hakikuwa nyumba peke yake. Shule zilizopewa ruzuku na utawala wa Kibelgiji zilikuwa za misheni, na hati zilizofundishwa humo zilikuwa za Kilatini; wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe walikitumia Kiswahili katika mafundisho yao, na kwa hiyo lugha ilipona, lakini mtoto wa Mwislamu aliyetaka cheti alilazimika kupita kwa padri, na hati alizozisoma chuoni, yaani katika madrasa ya Kurani, hazikumfungulia mlango wa ofisi yoyote. Shule za serikali zisizo za kidini kwa Waafrika zilianza mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru.

Katika zama hizohizo za ukoloni, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamati hiyo iliendesha mashindano ya uandishi, lakini Kasongo ilikuwa nje ya mipaka yake, ingawa ilikuwa imekisema Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Magharibi, tuzo za Kongo zilikuwa za Kifaransa: mwaka 1948 Paul Lomami Tshibamba alishinda shindano la maonyesho ya kikoloni ya Brussels kwa hadithi yake Ngando. Mwungwana wa Kabambare alijikuta kati ya tuzo mbili, moja ya lugha yake iliyofungwa kwa mpaka, nyingine ya nchi yake iliyofungwa kwa lugha.

Wakongo waliandika hata hivyo. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Elisabethville, leo Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Katanga kinachosema batu badala ya watu, bila kumwomba mtu ruhusa ya tahajia. Mpaka ulifunguka baadaye: tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo leo huitwa Safal-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili kutoka kwa Waafrika wa nchi yoyote, na mwaka 2022 Kongo yenyewe iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Linalobaki ni suala la sikio la mwamuzi. Mswada wa Kasongo ukifika mezani na Kingwana chake, ukipimwa kwa usanifu wa 1928 utahesabiwa makosa ukurasa kwa ukurasa; ukisomwa kama zilivyosomwa barua za misafara, na mtu anayeijua habari kabla ya kuifungua, bibi itasomeka tena pembe.