Pombe ya Mtama: Kutoka Chunguni Hadi Chupani

Ndugu mkulima wa Bariadi, na wewe wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega, leo tuzungumze habari ya pombe. Usicheke. Mtama unaoulima una historia ndefu ya biashara, na wenye biashara hiyo ni akina mama.

Kazi yenyewe unaijua. Mama anauroweka mtama, anaufunika hadi uote, anauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Unga mwingine unapikwa uji, ukishapoa anautia kimea. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, na chachu inageuza sukari kuwa kileo. Viwanda vya bia navyo hufanya hivyo hivyo kwa shayiri. Wapika pombe wanaupenda mtama mwekundu, ule mchungu ambao hata kwelea kwelea wanaukwepa. Serena, mbegu iliyozalishwa Serere huko Uganda, ni wa jamii hiyo.

Zamani pombe ilikuwa shukrani ya kazi: unaita majirani walime, jioni wanakunywa. Pamba ilipoleta fedha Usukumani, pombe nayo ikauzwa, na msimu wa kuuza pamba ukawa ndio msimu wa mama mpika pombe. Mara nyingi fedha ile ilikuwa yake mwenyewe, tofauti na ile ya pamba.

Serikali haikukaa kando. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza upikaji wa pombe. Hoja kubwa ilikuwa njaa: debe la mtama likishaingia chunguni halirudi ghalani. Ni hoja ya kweli, ila aliyebanwa ni mpikaji kuliko mnywaji. Baada ya Uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikataka muuza pombe ya kienyeji awe na leseni. (Gongo ni jambo lingine kabisa, iliwekewa sheria yake mwaka 1966.)

Sasa linganisha. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi, na mzigo wao wa kwanza ulikuwa makreti kumi tu kwa hoteli ya Stanley. Kufika mwaka 1933 kiwanda cha bia kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam. Kwa nini wao wakakua, mama wa Bariadi akabaki na chungu chake?

Mtaji, ndiyo. Lakini kuna jambo watu hawalitaji: pombe ya mtama hailali. Bia ya kiwandani huchujwa na kupashwa moto, chachu inakufa, chupa inakaa miezi. Pombe yetu ni hai. Siku mbili tatu imechacha, kwa hiyo soko lake haliwezi kupita umbali wa kutembea kwa miguu. Anayetaka kuanza kiwanda kidogo atatue hilo kwanza, lebo nzuri baadaye.

Wako waliolitatua. Kibuku ya Dar es Salaam, pombe ya nafaka kama yetu, imeuzwa kwa pakiti. Huko Arusha, familia moja ilianzisha Banana Investments mwaka 1993, ikatia kileo cha ndizi kwenye chupa na kukiuza mbali na migomba ilikotoka.

Ukipanuka, kosa nalo hupanuka. Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wachunguzi walikuta unga wa mahindi ulioharibika, wenye bakteria watoao sumu. Sumu ile haiuawi kwa kuchemsha, na sumukuvu vilevile. Basi nafaka iliyovunda isiende chunguni eti kwa kuwa haifai kwa ugali.

Vinywaji vya kuuzwa husajiliwa na Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa mwaka 1975. Leseni uliza ofisi ya biashara ya halmashauri yako. Na unapojaribu nyumbani, usizibe kabisa chupa ya kioo yenye pombe ambayo bado inatoa povu. Chachu inaendelea kufanya kazi humo ndani, na chupa itapasuka.