Kivukoni Kilombero: walioliona jua wakingoja pantoni

Watu wa pwani wana rasi zao za kutazamia macheo. Sisi wa Ifakara, ambao bahari iko mbali, tulikuwa na Kivukoni. Ukitoka mtaa wetu wa Mlabani alfajiri na kushika barabara ya Mahenge, baada ya kilomita chache nyumba zinapungua, majaruba ya mpunga yanatanda, kisha mto Kilombero unakukatiza njia. Vizazi vya wasafiri viliona jua likichomoza pale, si kwa kupenda mandhari, bali kwa sababu pantoni lilikuwa ng'ambo na hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Jua hutokea upande maji yanakoelekea. Mwenyeji lakini hatazami huko kwanza. Hugeuka nyuma, maana vilele vya Udzungwa hupata mwanga wakati bonde bado lina giza na mbu bado wana njaa. (Mbu hao wana historia yao: mtafiti Mswisi Rudolf Geigy alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara iliyofunguliwa 1957 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.)

Kabla ya pantoni ilikuwa mitumbwi ya Wandamba, wavuvi wa kambale na kitoga. Aliyetaka kwenda Mahenge alipita mikononi mwao, awe mfanyabiashara au askari. Wajerumani walipoweka boma Mahenge, mto huu ukawa kati yao na njia ya kaskazini. Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Majimaji, Wapogoro na Wabunga miongoni mwao, walilishambulia boma hilo na kukutana na bombomu. Miaka 12 baadaye majeshi ya Wabelgiji yalivuka bonde hili katika Vita Kuu, na Oktoba 9, 1917 yakaitwaa Mahenge. Vitabu vinawataja makapteni. Waliopiga makasia na kubeba mizigo hawatajwi.

Foleni ya pantoni ilikuwa na faida yake. Aliyengoja aliona vitu. Kwenye matete ya Kilombero anaishi kwera asiyepatikana kwingine duniani, na wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1990 tu. Mwaka 2021 wakatangaza ndege wengine wawili wa mabwawa haya haya. Wavuvi walikuwa wakiwasikia kila asubuhi. Bonde lenyewe, lililokuwa nyumbani kwa sheshe wengi kuliko popote, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2002.

Lakini tusiupambe mto kupita kiasi. Masika maji yalitapakaa mbuga nzima, na mgonjwa aliyetoka Ulanga, ng'ambo, kwenda hospitali yetu ya Mtakatifu Fransisko alilazimika kuungoja mto kama wengine. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa upepo na mvua, watu wakapoteza maisha. Baada ya hapo sijasikia mtu wa Lupiro, ng'ambo ya mto, akilililia pantoni.

Daraja lilikuwa tayari likijengwa. Lina urefu wa mita 384, na Mei 2018 Rais John Magufuli alilizindua, likapewa jina lake. Sasa basi la Mahenge au Malinyi linavuka kwa muda mfupi, abiria wengi wamelala. Maji yanayopita chini yao yanakwenda Rufiji, yanazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere, kisha yanafika deltani, mkabala na Mafia. Huko jua hutangulia kuchomoza kwa kama dakika kumi.

Anayetaka kuliona la kwetu amwambie bodaboda amshushe kabla ya daraja, ashuke kwa miguu mpaka ukingoni, na afike kabla ya saa kumi na mbili. Kiangazi ndicho kizuri zaidi. Asisogelee maji mno: mamba na viboko hawakuhama pantoni lilipoondoka.