Barua Nne za Dindira: Jinsi Nilivyoanza Kutunga Hadithi

Ndugu wasomaji, wazee wenzangu tuliokalia madawati yale yale, nanyi vijana mnaoyakalia leo: mhariri wa jarida hili ameniomba nieleze jinsi nilivyoingia katika utunzi wa hadithi. Nimekubali, ingawa habari yenyewe inaanza na uongo.

Mimi ni mtu wa Dindira, milimani Usambara, katika wilaya ya Korogwe. Waliofika kwetu wanaujua ukungu wa asubuhi na mashamba ya chai. Usiku, wazee walikaa motoni wakitusimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Unguu akapanda milima yetu, hata Washambaa wakampa utawala. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyepata kuwatumikia watawala wa ukoo huo. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilianza kuchapwa kwa sehemu huko Magila kabla ya karne ya 19 kwisha. Wanahistoria hawakubali kila neno lililomo. Nasi watoto tulikuwa tukiuliza, "Babu, ni kweli?" Naye babu alijibu, "Mimi nawahadithia nilivyohadithiwa." Jibu hilo sikulitia maanani wakati ule.

Mwaka 1978 nilikuwa kidato cha tatu. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na mapema Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga. Kaka yangu alikuwa askari. Alituandikia barua mbili kwa sanduku la posta la shule, nami nikazipeleka nyumbani na kumsomea mama, kwa kuwa hakujua kusoma. Baada ya hapo, kimya.

Kimya kile kilinijaa kifuani. Darasani sikusikia kitu, na bwenini nilikuwa mtu wa kugombana kwa jambo dogo tu. Likizo ya Desemba nilipofika nyumbani, mama alinipokea mzigo na kuuliza kabla sijaketi, "Hajaandika?" Nikasema, "Ameandika. Nitakusomea kesho." Usiku, kwa mwanga wa koroboi, nilichana karatasi katika daftari langu nikaiandika barua ya kaka. Nilimtia baridi ya usiku, rafiki mcheshi kutoka Singida, na kiu ya kunywa chai ya nyumbani. Kesho yake mama alisikiliza akacheka. Nami, nathubutu kusema, nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu vita kuanza.

Hata kufikia Aprili 1979 nilikwisha andika barua nne. Tarehe 11 mwezi huo Kampala ilitekwa, nasi shuleni tuliimba hata sauti zikatukauka. Baada ya majuma machache tulipata habari ya msiba. Kwa tarehe tuliyotajiwa, kaka alikuwa amekwisha kufa kabla sijaandika barua yangu ya pili.

Sikumwambia mama. Lakini siku hizo kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeenea vijijini, tangu Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baada ya matanga mama naye alijiandikisha. Alitaka kuzisoma barua za mwanawe mwenyewe. Mwaka 1980, nikiwa nimekwisha maliza kidato cha nne, aliniita chumbani, akafungua kasha na kuzipanga barua sita juu ya kitanda. "Mwandiko wa hizi mbili," alisema, "si mwandiko wa hizi nne."

Nilinyamaza. Hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, ulinihadithia bila kuniambia kwamba ni hadithi. Ungeniambia, ningekusikiliza vilevile." Kisha alichukua penseli yake ya kisomo, na juu ya kila moja ya zile nne akaandika polepole: HADITHI. Akazifunga mbali na zile mbili.

Hapo ndipo nilipomrudia Shaaban Robert, ambaye shuleni nilimsoma kwa ajili ya mtihani tu. Mzaliwa huyu wa Vibambani, karibu na Tanga (1909–1962), alikuwa karani katika ofisi za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, hakuwashtaki watawala kwa majina. Alitunga nchi ielewayo angani, akamsimamisha Karama mahakamani ajitetee kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, nao wakaishia kuteswa. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba nchi hiyo haipo, na kwa kujua hivyo anaupokea ukweli uliomo bila kudanganywa. Mtu huyo huyo alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua za kweli tangu 1931 hata 1958, nazo zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002. Barua aliziandika kama barua, na hadithi kama hadithi.

Basi nikaandika upya. Nilitunga habari ya askari anayepanda mlima wa Dindira katika ukungu, akisikia sauti za nyumbani lakini asiione njia. Nilipomaliza nilikwenda kwa mama nikasema, "Paukwa!" Akanitazama kitambo. Kisha akaitikia, "Pakawa!" Alilia aliposikia, halafu akaniambia nisome tena toka mwanzo.

Vijana wetu, hapana shaka nanyi mnayo yanayowajaa vifuani: hasira, huzuni, mapenzi, uonevu. Msiyamalizie kwa ngumi bwenini. Yatieni katika daftari, na siku iliyofuata yasomeni tena na kuyasahihisha, maana utunzi ni kazi kama kulima. Lakini kabla hamjamsomea mtu, piga kwanza hodi ya wazee wetu: "Paukwa!" Akiitikia, mwambie yote.